Pazia Wazi: Maswali ya Wasomaji Kuhusu Jukwaa na Skrini

Barua za mwezi huu zimetoka Morogoro hadi Muscat, na nyingi zinahusu jambo moja: kutazama kwa simu mchezo unaochezwa jukwaani mbali na kwetu. Kabla ya kujibu, tukubaliane kuhusu neno. Siku hizi ukitaja "tamthilia", watu wanawaza hadithi ndefu za televisheni zenye sehemu mia. Katika safu hii tamthilia ni mchezo wa jukwaani, wenye waigizaji na hadhira ndani ya ukumbi mmoja. Ule ambao wahusika wanasimulia sehemu kubwa ya hadithi kwa kuimba tunauita tamthilia ya nyimbo.

Ndugu mhariri, nilinunua tiketi ya kutazama mtandaoni onyesho la London. Tangazo liliandikwa 19:30. Nikahesabu, nikaona ni saa moja na nusu usiku. Saa hiyo nikawasha simu, hakukuwa na kitu, nikalala. Asubuhi nikaambiwa limekwisha. Nilikosea wapi? (Msomaji, Morogoro)

Hesabu yako ni sahihi, ila hiyo ni saa moja na nusu ya London. Saa yao hubadilika mara mbili kwa mwaka, ya kwetu haibadiliki, na hapo ndipo wengi wananaswa. Kuanzia Jumapili ya mwisho ya Machi hadi Jumapili ya mwisho ya Oktoba, Afrika Mashariki iko mbele ya London kwa saa 2. Miezi iliyobaki iko mbele kwa saa 3. Kwa hiyo onyesho la 19:30 hapa kwetu linaanza saa tatu na nusu usiku wakati wa kiangazi chao, na saa nne na nusu usiku wakati wa baridi yao.

New York ni mbali zaidi, na wao hubadili saa siku tofauti na Waingereza: Jumapili ya pili ya Machi na Jumapili ya kwanza ya Novemba. Tofauti ni saa 7 katika kiangazi chao na saa 8 katika baridi yao. Onyesho la saa mbili usiku kule linaangukia saa tisa usiku au saa kumi alfajiri hapa, na tarehe imeshageuka: Jumamosi yao usiku ni Jumapili yetu kabla ya jogoo. Ukipewa nafasi ya kuchagua, chukua onyesho la mchana, ambalo mara nyingi huwa Jumatano au Jumamosi saa nane mchana kwa saa zao. Hilo utalitazama saa tatu au saa nne usiku, ukiwa macho.

Hesabu hizi ni za Tanzania, Kenya na Uganda. Aliye Kigali, Bujumbura, Goma au Lubumbashi apunguze saa 1. Aliye Muscat au Dubai aongeze saa 1.

La pili la kuchunguza ni aina ya tiketi. Ipo ya mubashara wa kweli, ambapo waigizaji wako jukwaani dakika hiyohiyo. Ipo ya onyesho lililorekodiwa na kurushwa kwa saa maalumu, ambalo ukichelewa limekupita. Ipo pia ya muda, ambayo ukishaifungua unapewa kwa mfano saa 48 za kutazama upendavyo. Soma mstari unaoeleza kama kuna kurejea baada ya kurushwa, kwa sababu mara nyingi huo huandikwa kwa herufi ndogo chini ya bei. Na usidanganyike na neno "Live" katika jina. National Theatre Live ya London, iliyoanza tarehe 25 Juni 2009 kwa mchezo wa Phèdre akiigiza Helen Mirren, hupeleka maonyesho kwenye kumbi za sinema, si kwenye simu yako. Huduma ya nyumbani ya ukumbi huohuo, National Theatre at Home, ilifunguliwa Desemba 2020, na ni maktaba ya maonyesho yaliyokwisha kurekodiwa. Jumba la opera la Metropolitan la New York lilitangulia katika njia hii ya sinema: lilianza tarehe 30 Desemba 2006 kwa The Magic Flute ya Mozart.

Shikamooni. Mimi ni mwanafunzi wa chuo. Nataka kutazama tamthilia ya nyimbo ya karibu saa tatu kwa simu. Bando la GB ngapi litanitosha? Na mbona nyingine zinaniandikia kwamba hazipatikani katika nchi yangu? (Msomaji, Kisumu)

Marahaba. Kanuni ya bando ni moja, iandike nyuma ya daftari: kila megabiti 1 kwa sekunde ya video hula GB 0.45 kwa saa. Picha ya kawaida inayotosha skrini ya simu hupita kwa megabiti 1 hadi 1.5. Picha safi ya kutazama kwenye kompyuta au runinga hutaka 3 hadi 5. Chukua mfano wa Hamilton, tamthilia ya nyimbo ya Marekani, ambayo ni dakika 160. Kwa megabiti 1 itakula takriban GB 1.2, kwa 3 itakula GB 3.6, na kwa 5 itafika GB 6. Ongeza asilimia 20 ya tahadhari, maana ukirudisha nyuma kusikiliza wimbo tena mara nyingi data inahesabiwa upya.

Kosa linalomaliza bando la watu ni kuacha ubora kwenye "otomatiki". Mtandao ukiwa mzuri kwa dakika chache, programu inapandisha picha hadi kiwango cha juu ambacho skrini ya inchi 6 haiwezi hata kukionyesha. Ingia kwenye mipangilio, uchague mwenyewe 480p, ile picha ya kawaida ya simu. Sauti ndiyo usiibane. Katika tamthilia ya nyimbo hadithi imo ndani ya maneno yanayoimbwa, na spika ndogo ya simu huyameza. Tumia spika za masikioni zenye waya kama unazo, kisha washa manukuu hata kama Kiingereza chako ni kizuri, kwa sababu waimbaji watatu wakiimba maneno tofauti kwa pamoja hakuna sikio linaloshika yote. Huduma ikiruhusu kupakua, pakua kwa bando la usiku, ila angalia kwanza faili litadumu siku ngapi. Mara nyingi linakufa saa 48 baada ya kubonyeza cheza mara ya kwanza.

Kuhusu kutopatikana: onyesho moja lina wenye haki wengi. Kuna mwandishi wa mchezo, mtunzi wa muziki, mwandishi wa mashairi, mbunifu wa mandhari, waigizaji na wapiga ala pamoja na vyama vyao. Kila mmoja huuza haki kwa eneo na kwa muda. Mwenye muziki akiwa ameruhusu Uingereza peke yake, onyesho zima linafungwa kwingine hata kama wengine wote wamekubali. Ndiyo maana mchezo usio na nyimbo hupatikana kwetu kwa urahisi kuliko wa nyimbo. Usilipe kabla ya kuona orodha ya nchi. Njia za kujifanya uko nchi nyingine hazishauriki: zinavunja masharti uliyoyakubali, akaunti ikifungwa pesa hairudi, na kasi ya mtandao inashuka juu yake.

Kwa kuwa tumeitaja Hamilton: ile inayoonekana kwenye huduma ya video ya Disney+ tangu tarehe 3 Julai 2020 ilirekodiwa Juni 2016 katika ukumbi wa Richard Rodgers, New York. Maonyesho mawili yalirekodiwa watazamaji wakiwapo, na baadhi ya nyimbo zilichezwa tena ukumbi ukiwa mtupu ili kamera ziweze kupanda jukwaani. Ndiyo sababu mara unaona uso kwa karibu sana na mara unasikia ukumbi mzima ukicheka. Hata mapumziko yamo: saa inahesabu dakika 1, kisha sehemu ya pili inaanza.

Kijiweni kwetu kuna ubishi. Mmoja anasema The Lion King nzima ni Kiswahili, mwingine anasema ni Kizulu. Nani alipe soda? (Msomaji, Tanga)

Mgawane. Majina mengi ni yetu: Simba, Rafiki, Shenzi, Pumbaa linalotokana na kupumbaa, na Sarabi, neno lenye asili ya Kiarabu ambalo kamusi zetu zinalieleza kuwa mazigazi, yale maji ya uongo yanayoonekana njiani jua likiwaka. Kibwagizo cha Rafiki pia ni Kiswahili. Anaanza kwa asante sana na kumalizia kwa kumwambia mwenzake kuwa yeye ni nugu, "mimi hapana". Msomaji mzuri ataona kwamba "mimi hapana" si Kiswahili cha kufundishia darasani. Ni kile cha kuokoteza cha bwana na boi.

Lakini ule mwito wa kwanza unaosimamisha nywele ni Kizulu. Aliyeuimba ni Lebo M wa Afrika Kusini, na "ingonyama" ndani yake maana yake ni simba. Toleo la jukwaani limeongeza lugha za Kusini kwa wingi kuliko filamu: Kizulu, Kixhosa, Kisotho na Kitswana. Lilifunguliwa Broadway, daraja la kumbi kubwa za New York, tarehe 13 Novemba 1997 katika ukumbi wa New Amsterdam, likahamia Minskoff mwaka 2006. Muongozaji Julie Taymor alipata tuzo ya Tony, ile kubwa ya tamthilia za Broadway, mwaka 1998, mwanamke wa kwanza kushinda kwa kuongoza tamthilia ya nyimbo. Yeye ndiye aliyeamua Rafiki achezwe na mwanamke, mwenye sauti ya mganga na mwimbaji. Vinyago havifuniki uso: vinakaa juu ya kichwa ili umwone mnyama na mtu kwa wakati mmoja. Mtu aliyewahi kutazama ngoma ya vinyago ya Wamakonde atalielewa wazo hilo kwa haraka.

Kuhusu "hakuna matata", maneno ya wimbo mmoja wa The Lion King, kampuni ya Disney iliomba mwaka 1994 kuisajili Marekani kama alama ya biashara ya mavazi, na ikapewa mwaka 2003. Mwaka 2018 waraka wa kupinga hatua hiyo ulikusanya saini zaidi ya 100,000. Usajili huo haumzuii mtu kuyasema wala kuyaimba maneno hayo, lakini malalamiko yalikuwa ya haki: maneno yalikuwa midomoni mwa watu wa pwani na bara muda mrefu kabla, na bendi ya Them Mushrooms ya Kenya ilikuwa imeshayaimba katika "Jambo Bwana" mwaka 1982.

Maswali ya harakaharaka kutoka kwa wasomaji mbalimbali

*Broadway ni ukumbi au mtaa?* Ni mtaa wa New York, lakini katika tamthilia ni daraja. Ukumbi wa kibiashara wenye viti 500 au zaidi katika eneo la tamthilia la Manhattan ndio unaohesabiwa Broadway, na ziko kumbi 41. Nyingi zimejipanga kwenye mitaa ya kando. Wa Vivian Beaumont uko Lincoln Center, mbali kidogo na zenzake, na bado unahesabiwa. Wenye viti 100 hadi 499 huitwa Off-Broadway hata ukiwa jirani ya mlango.

*Mchezo gani umechezwa kwa miaka mingi zaidi?* London ni The Mousetrap, tangu tarehe 25 Novemba 1952. Ulisimama tarehe 16 Machi 2020 kwa sababu ya UVIKO, ukarudi Mei 2021. Broadway rekodi ni ya The Phantom of the Opera: tarehe 26 Januari 1988 hadi 16 Aprili 2023, maonyesho 13,981.

*Tuzo nyingi zaidi za Tony kwa mchezo mmoja?* The Producers, tuzo 12 mwaka 2001. Hamilton ilipata 11 mwaka 2016 baada ya kutajwa kuwania mara 16.

*Kuna mtu wa kwetu aliyewahi kuwania Tony?* Lupita Nyong'o, aliyekulia Kenya, aliwania mwaka 2016 kwa Eclipsed, mchezo wa Danai Gurira kuhusu wanawake wa Liberia wakati wa vita. Ulikuwa wa kwanza Broadway ambao mwandishi, muongozaji na waigizaji wote walikuwa wanawake weusi.

*The Book of Mormon inasimulia Uganda. Ile lugha wanayoimba ni ya wapi?* Si ya popote. Maneno hayo yametungwa na waandishi. Si Kiganda wala si Kiswahili, kwa hiyo usipoteze muda kuyatafuta kwenye kamusi.

*Weusi waliingia lini Broadway na mchezo wao wenyewe?* Februari 1903, kwa In Dahomey ya Bert Williams na George Walker, muziki wa Will Marion Cook na mashairi ya Paul Laurence Dunbar. Mwaka huohuo ulivuka bahari hadi London, ukachezwa hata katika kasri la Buckingham.

*Mbona taa moja huachwa ikiwaka jukwaani usiku kucha?* Ili atakayeingia wa kwanza asitumbukie kwenye shimo la wapiga ala. Wapo pia wanaosimulia kwamba huachwa kwa ajili ya mizimu.

Je, mchezo wa Kiswahili umewahi kuchezwa kwenye jukwaa kubwa la Ulaya? (Msomaji, Muscat)

Umechezwa. Mwaka 2012 ukumbi wa Shakespeare's Globe wa London uliita vikundi vya dunia kucheza tamthilia 37 za Shakespeare kwa lugha 37. Kiswahili kilipewa The Merry Wives of Windsor, ikawa Wanawake wa Heri wa Winsa, na kikundi kutoka Nairobi kiliicheza mwezi Aprili. Uteuzi huo ulikifaa Kiswahili. Mchezo wenyewe ni wa majirani, barua za mapenzi zilizoandikwa nakala mbili, mume mwenye wivu, na mwanamume mnene aliyefichwa ndani ya kapu la nguo chafu akatupwa mtoni. Mpenzi wa vichekesho vya jukwaani anauelewa bila kufasiriwa.

Maonyesho ya tamasha hilo yalirekodiwa, na mahali pa kuanzia kutafuta ni Globe Player, huduma ya video ya ukumbi huo. Ukipata kurekodiwa kokote kwa Globe, usishangae kuwaona watazamaji wanavyong'ara kama waigizaji. Ukumbi ule uliofunguliwa mwaka 1997 hauna paa katikati, mamia ya watu husimama chini ya jukwaa, na taa huwamulika wote. Kuwaona wanavyocheka ni sehemu ya mchezo.

Kwa upande wa Afrika yenyewe, Sarafina! ya Mbongeni Ngema ilianzia Market Theatre, Johannesburg, mwaka 1987. Januari 1988 ilifunguliwa Broadway katika ukumbi wa Cort, ikachezwa mara 597. Ukumbi huo tangu 2022 unaitwa James Earl Jones, jina la mwigizaji aliyempa Mufasa sauti katika filamu ya The Lion King. Kenya ina Ngaahika Ndeenda ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mirii, iliyochezwa Kamĩrĩĩthũ mwaka 1977 na wakulima na wafanyakazi wenyewe, kwa Kikuyu, kwa nyimbo nyingi. Ilipigwa marufuku baada ya wiki chache, na mwisho wa mwaka huo Ngũgĩ wa Thiong'o akawekwa kizuizini bila kushtakiwa. Ilirudi jukwaani Nairobi Mei 2022, miaka 45 baadaye.

Mhariri, shule yetu inataka kucheza Mabepari wa Venisi na kuurusha YouTube ili wazazi walio mbali waone. Mwalimu mwenzangu anasema Shakespeare amekufa zamani, hakuna ruhusa inayotakiwa. Ni kweli? (Mwalimu, Dodoma)

Mwalimu, ni nusu ya kweli. Shakespeare alifariki mwaka 1616, na Kiingereza chake ni cha wote. Lakini Mabepari wa Venisi ni tafsiri ya Mwalimu Nyerere iliyochapishwa mwaka 1969, na mfasiri ana haki kama mtunzi. Mkataba wa Berne, ule wa kimataifa wa hakimiliki, ambao Tanzania na Kenya zimo, unataka haki idumu angalau miaka 50 baada ya kifo, ikihesabiwa kuanzia Januari inayofuata. Mwalimu Nyerere alifariki Oktoba 1999, kwa hiyo mapema kabisa ni mwisho wa 2049. Mwandikieni mchapishaji aliyetajwa kwenye nakala mliyonayo, na mkikwama ulizeni COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania. Kwa wasomaji wa Kenya ofisi ni KECOBO, na kwa Zanzibar ni COSOZA.

Katika barua ombeni mambo mawili kwa majina yake: ruhusa ya kucheza mbele ya hadhira, na ruhusa ya kurekodi na kurusha mtandaoni. Hizi ni haki mbili tofauti, na ya kwanza haibebi ya pili. Tajeni tarehe, idadi ya maonyesho, viti vya ukumbi, kama kuna kiingilio na kiasi gani, na kama mtapunguza matini. Barua ikitoka miezi mitatu kabla, mna nafasi ya kubadilisha mchezo wakikataa.

Shule zinazotamani tamthilia za nyimbo za Broadway zijue kwamba leseni hutolewa na mawakala kama Music Theatre International na Concord Theatricals. Yapo matoleo yaliyofupishwa kwa wanafunzi, ya karibu dakika 60, yenye nyimbo zilizopangwa kufaa sauti za watoto na muziki wa kuimbia uliorekodiwa. Kutafsiri nyimbo hizo kwa Kiswahili kunahitaji kibali kingine cha maandishi. Msianze mazoezi kabla ya jibu.

Na muziki wa kujazia. Mkipiga wimbo wa msanii maarufu wakati mandhari yanabadilishwa, mashine za YouTube zitautambua, na video nzima inaweza kuzimwa sauti au kufungwa, hata ikiwa katikati ya kurushwa. Ngoma, marimba au kwaya ya shule yenyewe ikiimba wimbo wa jadi haina tatizo hilo, na jukwaani inasikika vizuri zaidi. Chukueni pia saini za wazazi kwa kila mtoto atakayeonekana, na video iwe ya wenye kiungo peke yao.

Kikundi chetu cha vijana kina simu mbili nzuri na mikisa ndogo ya sauti. Tulirekodi mchezo wetu: nyuso zimeungua kwa weupe, sauti ina mwangwi, na simu moja ilijizima katikati. Tufanyeje safari ijayo? (Wasomaji, Mombasa)

Kila kosa mlilolitaja lina chanzo chake, na yote yanarekebishika bila kununua kamera.

Tuanze na nyuso. Simu inapima mwanga wa picha nzima. Pazia la nyuma likiwa jeusi, inadhani pote ni giza, inaongeza mwanga, na nyuso zinaungua. Pazia likiwa jeupe inafanya kinyume, nyuso zinakuwa kivuli. Kwa hiyo kabla ya kuanza, mwigizaji mmoja asimame chini ya taa kali kuliko zote, bonyeza na kushikilia kidole juu ya uso wake hadi simu ifunge mwanga na lenzi, halafu teremsha mwanga kidogo. Usiguse tena. Ngozi zetu nyeusi zinapendeza kwa taa mbili za pembeni, nyuzi 45 kila upande, zenye rangi ya joto kidogo. Taa nyeupe ya moja kwa moja usoni inaacha mng'ao wa jasho kwenye paji na kufuta macho. Onyesho la usiku lenye taa za bluu tupu litatoka madoa: ongezeni taa hafifu ya rangi ya manjano mbele, hata jicho la ukumbini halitaigundua.

Wekeni 1080p, fremu 25 kwa sekunde, na kama programu inaruhusu, kasi ya shata (muda ambao kamera inapokea mwanga kwa kila fremu) iwe sekunde 1/50. Umeme wetu ni wa mizunguko 50, na kasi nyingine hufanya baadhi ya taa zipepese kwenye video.

Simu ya kwanza ikae katikati ya ukumbi, juu ya vichwa vya waliokaa, ione jukwaa zima na isisogezwe hata mara moja. Hiyo ndiyo bima yenu: lolote likiharibika kwingine, mchezo wote upo. Simu ya pili ikae pembeni, karibu zaidi, kwa mtu anayeijua matini na anayejua nani anazungumza baadaye. Msitumie kukuza kwa vidole. Sogezeni simu karibu.

Mwangwi umetoka kwenye kuchanganya sauti mbili bila kuzipanga. Sauti husafiri hewani takriban mita 343 kwa sekunde, yaani karibu milisekunde 3 kwa kila mita. Simu iliyo mita 20 kutoka jukwaani inasikia kwa kuchelewa milisekunde 58, lakini waya wa mikisa unaleta papo hapo. Zikichanganywa hivyo, kila neno linasemwa mara mbili. Kwenye programu ya kuhariri, chelewesha njia ya mikisa kwa milisekunde hizo 58, kisha weka sauti ya ukumbini chini sana, ya kuleta vicheko na makofi tu. Mtu mmoja apige kofi moja kubwa mbele ya simu zote kabla ya mchezo, na lingine baada ya mapumziko, kwa sababu vyombo viwili havitembei sawasawa na ukifika dakika ya 90 midomo imeshaachana na maneno. Sauti kali kuliko zote kwenye mikisa isizidi desibeli 12 chini ya sifuri, maana ikipasuka haitengenezeki. Vipaza sauti vya ukingoni mwa jukwaa la mbao viweke juu ya sponji, la sivyo mtarekodi vishindo vya miguu.

Simu iliyojizima ina sababu tatu zinazojulikana. Simu iliingia: weka hali ya ndege. Joto: kuchaji huku unarekodi ndani ya ukumbi wa pwani kunaipasha, kwa hiyo toa kava, chaji hadi 100 kabla, na elekeza feni kwenye simu, si kwenye kipaza sauti. Nafasi imejaa: saa 2 za 1080p zinaweza kufika GB 16, kwa hiyo acheni GB 20 wazi. Wanaotumia kamera badala ya simu wajue kwamba nyingi za zamani hujisimamisha kabla ya dakika 30, au hukata faili kila GB 4. Zianzisheni upya pazia linapofungwa.

Kurusha mubashara tunashauri mkuache kwa mwanzo. Mkilazimika, YouTube hutaka wafuasi 50 ili kurusha kwa simu, na kuwasha huduma mara ya kwanza kunaweza kuchukua saa 24, kwa hiyo msisubiri siku ya onyesho. Picha ya 720p inahitaji megabiti 2.5 hadi 4 za kupandisha, na mtandao uwe na mara mbili yake. Pimeni mkiwa ndani ya ukumbi, saa ileile ya onyesho. Kipimo cha asubuhi hakina maana, kwani watazamaji 300 wakiingia na simu zao mnara ule mmoja unagawanywa kwa wote. Mkirekodi, mkahariri kwa siku mbili na kupandisha baadaye, mtapata kitu cha kutazamika.

Usiku uleule, kabla ya kuvua maleba, nakilini faili zote sehemu mbili, moja ikae nyumba nyingine. Msitumiane kwa WhatsApp kama video ya kawaida, inabana picha na kutupa sehemu kubwa ya ubora. Ndani ya kabrasha wekeni karatasi yenye jina la mchezo, tarehe, ukumbi, nani alicheza nini, nani aliongoza na nani alipiga ngoma.